Nilikuwa Natafuta Neno Sahihi, Mjukuu Akaungua

Mama Hilaria, mshauri wetu wa alfajiri,

Pokea salamu zangu, na nyuma ya salamu pokea kilio changu, maana nimekusikiliza miaka mingi ukiwasaidia watu wenye waume walevi na ndugu wanaogombea mashamba, nikawa nasema moyoni ahsante Mungu mimi sina la kumwandikia mama huyu, na leo maji yamenifika shingoni nimeshika kalamu. Nakuandikia kwa lugha yetu, Kikechua, kwa sababu kwa Kihispania barua hii ingenichukua mpaka mavuno yajayo, na hicho Kihispania ndicho kilichonileta kwako. Majina ukiyasoma redioni tafadhali yabadilishe.

Mimi ni mjane, natoka juu huko Ocongate nilikokuwa na kondoo wangu na nyumba yangu, nikashuka hapa mjini Cusco binti yangu wa pekee, Yanet, alipojifungua, kwa kuwa yeye anauza kwenye duka la dawa na mumewe Rolando anaendesha basi la watalii, na mtoto hawezi kulelewa na ukuta. Mtoto ni wa kike, anaitwa Nayeli, nimembeba mgongoni tangu kitovu chake hakijakauka, akaota meno humo humo mgongoni, na neno lake la kwanza alilisemea humo, alisema "unu", yaani maji, kwa lugha yetu, nikacheka peke yangu barabarani mpaka watu wakageuka kunitazama.

Mambo yaliharibika alipotimiza miaka mitatu akaanza chekechea. Mwalimu wake alimwita Yanet akamwambia mtoto ana akili nzuri lakini Kihispania chake kimepinda, anasema "ninakaa katika hapa", anasema "ya bibi yangu nyumba yake", vile vineno vidogo vya kuunganisha anavipachika ovyo, na wenzake wameanza kumcheka, sasa nyumbani anazungumza na nani? Yanet alirudi hata koti hakuvua.

"Mama, kaa chini."

"Si nimekaa, mwanangu."

"Usizungumze tena Kihispania na Nayeli. Anakuiga. Unamharibu, mama."

"Haya, basi nitasema naye lugha yetu."

"Hiyo ndiyo usiiguse kabisa! Unataka na yeye wamwambie ateme mahindi?"

Wewe unajua, mama, mtu ambaye Kihispania chake kina milima ndani yake huambiwa ana mahindi ya kuchemsha mdomoni. Yanet aliambiwa hivyo utoto wake wote. Siku moja, alipokuwa darasa la tatu, mwalimu alimsimamisha mbele akariri vihusishi, maana ndivyo wanavyoviita vile vineno, "a, ante, bajo, con, contra", na darasa zima likawa linamtazama huku linatafuna midomo wazi, linatafuna hewa, na mwalimu anatabasamu. Alirudi nyumbani, nikamsemesha Kikechua, hakunijibu, na tangu siku ile hajawahi kunijibu kwa lugha hiyo. Sasa mimi ninayelijua donda hilo ningebishana naye vipi? Nikamuuliza tu, "Mpaka lini?" Akasema, "Mpaka ujifunze kusema vizuri, mama. Ni kwa ajili yake."

Basi nikanyamaza. Mama Hilaria, nikamlea mjukuu bila neno. Nilimvisha kimya, nikamlisha kimya, nikamsuka zile nywele zake kimya, na akianza kunisemesha nilikuwa naweka kidole mdomoni na kutabasamu, naye mwanzoni alidhani ni mchezo, akawa anaweka chake pia, tunatazamana hivyo na vidole vyetu. Halafu akaanza kuuliza. "Bibi, umekasirika?" Natikisa kichwa. "Bibi, unaumwa mdomo?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, naumwa, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake.

Nikajiandikisha darasa la watu wazima pale parokiani, jioni Yanet akisharudi. Mwalimu wetu Noemí ni binti mpole, hachoki, anatuimbisha vihusishi kama wimbo wa kanisa, na sisi wamama tunaimba, wengine tumebeba mizigo ya sokoni. Kuna mwenzetu Paulina muuza jibini, yeye hucheka tu, anasema, "Mwalimu, mimi nimeuza jibini maisha yangu yote bila hiyo 'ante', na hakuna mteja aliyenirudishia jibini." Mimi sikucheka, mimi nilikuwa na haraka. Kwetu vineno hivyo hufuata nyuma ya neno, kama mwanakondoo nyuma ya mama yake, na Kihispania kinataka mwanakondoo atangulie, na kila nikifungua mdomo nawaona wote wametawanyika. Nilikuwa namenya viazi huku najifunza, hiki juu ya meza, hiki chini ya meza, hiki ndani ya sufuria, na nikikosea nakirudisha kiazi nilipokitoa naanza upya.

Haraka yangu ilikuwa hii. Jumapili ijayo Nayeli ananyolewa nywele zake za kwanza. Nywele tumezifunga mafundo kwa utepe, kila mgeni atakata fundo lake, atatoa zawadi na atamwambia mtoto neno la kwenda nalo maishani, na mimi zawadi yangu ipo, ni kondoo jike kijana anayekula majani Ocongate hata sasa. Neno langu nalo nililiandaa, kwa Kihispania, sentensi moja tu. Mtoto wangu, kondoo huyu ni kwa ajili yako, kutoka kwa bibi yako, utembee pamoja na uzao wake mpaka utakapofika. Ni hiyo tu. Vihusishi vyote nilivyojifunza nilijifunza kwa ajili ya sentensi hiyo, na nilikuwa nimeshaipata, Mama Hilaria, karibu yote nilikuwa nimeshaipata.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa jikoni nasaga pilipili kwenye jiwe, supu ya shayiri inachemka, na Nayeli akapanda kigoda akanyoosha mkono kwenye mpini wa sufuria. Nilimwona. Nakuambia nilimwona vizuri, macho yangu ni mazima na masikio yangu ni mazima. Neno la kwetu lilinijia mpaka kwenye meno, nikaliuma. Nikatafuta la Kihispania, ondoka, ondoka nini, ondoka kutoka jiko, kwenye jiko, mbele ya jiko, wiki ile ndiyo tulikuwa tunafundishwa hayo, nikawa nayachagua, na miguu yangu nayo imesimama inangoja mdomo. Sufuria ikaja.

Ilimwagikia mkono, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Nililolifanya baadaye nililifanya sawa, maji baridi, kitambaa safi, nikambeba mbio mpaka zahanati. Lakini kuna kitu sijamwambia mtu. Mtoto alipoungua hakupiga kelele. Alifungua mdomo, machozi yakamtoka, akanitazama, akainua ule mkono mzima akaweka kidole mdomoni. Alilia hivyo. Bila sauti, kama nilivyomfundisha.

Zahanati walisema ngozi itarudi ila kovu litabaki. Jioni Yanet alinishika mabega. "Mama, kwa nini hukupiga kelele? Hata jina lake tu, mama! Hata jina!" Nikainamisha macho. Doña Iraida, mama yake Rolando, alikuwa amekaa hapo na chai yake, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Msimlaumu mwenzangu, masikio yamekwisha. Apumzishwe." Wameshakubaliana. Baada ya sherehe Rolando atanirudisha Ocongate, na msichana wa kumwangalia Nayeli ameshapatikana, anatoka mji wa Arequipa, wanasema anazungumza vizuri. Na siku ya kunyoa nikate fundo langu, lakini neno la mabibi atalisema Doña Iraida kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa nisaidie, mama. Nikimwambia Yanet kwamba nilikaa kimya kwa sababu yeye aliniambia nikae kimya, nitakuwa nimemtwika kovu la mwanawe mpaka anaingia kaburini, na mzigo wa mahindi alioubeba unatosha. Nikinyamaza, naondoka nikiwa kiziwi, na mtoto atakua akijua bibi yake alikaa akamtazama anavyoungua. Nifanye nini? Niende kwenye sherehe nikate nywele kimya kimya? Au nitangulie kurudi kwa kondoo wangu kabla ya Jumapili, niwapunguzie wote aibu?

Ni mimi,
Bibi asiyesema, San Sebastián, Cusco

*

MAMA HILARIA ANAJIBU

Bibi wa San Sebastián, futa machozi, sogea karibu na redio, na punguza huo moto chini ya birika kabla sijaanza, maana nina ya kukugombeza na sitaki yakukute umeshika kitu cha moto.

Kwanza nikupe pole, na pole yangu si ya mdomoni. Barua yako niliisomea hapa studioni kabla ya kipindi, majina nikayabadilisha kama ulivyoomba, na fundi wetu wa mitambo, mwanamume ambaye hata timu yake ikifungwa halii, alitoka nje akasema anakwenda kutafuta betri. Betri zipo mezani. Umeumia, mama, na uliumia kwa kumtii mtu unayempenda, na hayo ndiyo maumivu ambayo mtu hapati hata wa kumshitaki.

Sasa nikugombeze. Yanet alipokuwa mdogo, asubuhi za barafu huko Ocongate, akikataa kuvaa poncho ulimwachia? Hukumwachia. Ulimvika analia, akaenda analia, akaishi. Leo amekuwa mkubwa, ana mshahara na koti la mjini, akakwambia funga mdomo kwa mjukuu wako, ukafunga! Mzazi ulikuwa wewe. Ulipaswa kumwambia, mwanangu, donda lako nalijua, lakini hatulitibu kwa kunikata ulimi. Hukusema. Ulijua kwa nini anaumia, ukadhani kujua kunatosha.

Na yule mwalimu wa chekechea naye, kama ananisikia, na asikie. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "katika hapa" atanyooka mwenyewe akishakula viazi vya kutosha. Sisi wengi tuliokaa hapa mbele ya maikrofoni tulisema "katika hapa". Mwalimu asimame mlangoni awakemee wanaocheka, hiyo ndiyo kazi yake.

Umeniuliza kuhusu Yanet, ukaniuliza kuhusu Jumapili, ukaniuliza kuhusu kondoo. Lakini jambo kubwa kuliko yote umelitaja halafu ukaliacha likapita. Mtoto aliungua akaweka kidole mdomoni. Mama, hilo ndilo lililonitoa usingizi. Mtoto aliyejifunza kuungua kimya atanyamaza na mengine. Atafinywa shuleni anyamaze. Mtu mzima atamshika asipopaswa kumshika, na atanyamaza, ataweka kidole mdomoni kama alivyozoea na bibi yake. Mkono zahanati wameshaufunga. Hilo la pili nyumbani kwenu hakuna anayelijua isipokuwa wewe na Mungu, na wewe unataka kulipandisha basi uondoke nalo kwenda Ocongate!

Kwa hiyo utamwambia Yanet. Na hutamwambia ili ujitetee, wala ili Doña Iraida aone haya na chai yake. Utamwambia kwa sababu yule ni mama wa mtoto, na lazima ajue mwanawe amefundishwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unasema utamtwika mzigo. Kwani sasa hivi hana? Sasa hivi analala akiamini mama yake mzazi alimtazama mtoto anaungua asimwite hata kwa jina. Wewe unadhani hilo ni jepesi?

Mwambie kabla ya Jumapili. Msubiri akiwa anaosha vyombo, mikono ikiwa majini, Rolando hayupo na mkwe mwenzako hayupo. Mwambie kwa lugha yetu. Akijibu kwa Kihispania wewe endelea kwa lugha yetu, anaielewa, aliinyonya kwako. Usianze na "wewe ulinikataza". Anza hivi: "Mwanangu, nilimwona. Niliogopa kukosea." Kisha mweleze habari ya kidole. Halafu, na hili usiliruke, mwambie kwamba ile siku ya darasa la tatu unaikumbuka, ya watoto kutafuna hewa, maana nakuhakikishia hamjawahi kulizungumza hilo ninyi wawili, mmeliacha likakaa katikati ya nyumba mnalizunguka miaka yote hii. Atalia. Mwache alie, usimfute, usimwambie si kitu. Ni kitu. Kaa naye hapo.

Darasa la parokiani usiliache. Huyo Noemí namsifu, na Paulina aniletee jibini. Jifunze vihusishi mpaka vikuchoke, ili umwambie daktari kidonda kiko wapi bila kutafutiwa mkalimani, na uweze kugombana na muuza nyama anayeweka kidole kwenye mizani. Lakini usijifunze kama mtu anayeomba ruhusa ya kumpenda mjukuu wake. Ruhusa hiyo ulikuja nayo mgongoni.

Jumapili utakwenda, na neno lako utalisema mwenyewe. Mkwe mwenzako alishe wageni, hilo atalifanya vizuri. Wewe ukishika mkasi, sema kwanza kwa lugha yetu, yale yanayokujia mpaka kwenye meno, safari hii usiyaume. Kisha sema ile sentensi yako ya Kihispania kama itakavyotoka. Kineno kikidondoka kiache chini, usiiname kukiokota mbele ya watu, endelea mpaka mwisho. Na mgeni akianza kutafuna hewa, mwache atafune, labda hajapewa sahani.

Wanaweza wakalia wote na bado wakakurudisha Ocongate. Siwezi kukuahidi kinyume chake, sijui nyumba za watu zinavyoamua. Watu wakiona haya wakati mwingine humweka mbali yule anayewakumbusha. Ikiwa hivyo, nenda, mama, na itauma, na sitakudanganya kwamba itaacha kuuma. Lakini nenda ukiwa bibi aliyesema, na udai mtoto aletwe kumwona kondoo wake kila akizaa.

Hayo yote ni ya baadaye. Kuna la asubuhi hii, na la asubuhi hii halihitaji Yanet wala Jumapili wala mimi. Sasa hivi, kipindi hiki kikiisha, mtoto atakuwa anaamka. Nenda mlangoni kwake umwite kwa jina, kwa sauti, Nayeli, mpaka majirani wagonge ukuta. Akikutazama akaweka kidole mdomoni, mshike ule mkono mzima, ukishushe hicho kidole, umbusu, umwite tena. Hataitika mara moja. Ulimfundisha muda mrefu. Mwite mpaka aitike.